Matanga ya kukopa: mliosimama na Neno mkaitwa wachoyo, tukutane hapa

Fundi wa Mikindani

Bwana asifiwe wapendwa. Na majirani wa imani nyingine mnaopita humu, salamu zenu pia.

Leo naomba tuzungumzie matanga. Kuhusu kifo chenyewe wachungaji wetu wanatufundisha vizuri. Mimi nasemea zile siku kati ya mtu kukata roho na watu kutawanyika, ambapo mfiwa Mkristo hapa Mombasa hubanwa na ukoo, majirani na hata waumini wenzake mpaka akubali mambo asiyoyaweza na asiyoyaamini. Hema kubwa. Ng'ombe. Pilau. Spika na jenereta hadi alfajiri. Fulana zenye picha ya marehemu. Ukiuliza pesa zitatoka wapi, unajibiwa, "Kwani mwataka tusemwe?"

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo mambo haya huniingilia mlangoni. Msiba ukitokea, kibali cha mazishi hakijatoka bado, mimi nishaletewa oda ya sare: mashangazi kitambaa hiki, wakwe kile, wajukuu fulana. Kitambaa kinachukuliwa Biashara Street kwa jora, na mlipaji ni mjane au kifungua mimba. Majuzi alikuja mama mmoja nimpime (ameniruhusu niandike mradi nisimtaje). Pembe ya leso yake ilikuwa na fundo nene la noti, mkopo aliopewa na chama asubuhi ile kwa ajili ya nguo za ukoo wa mumewe. Miguuni alikuwa na kandambili, moja imefungwa kwa waya. Akaniuliza, "Fundi, nikitoa mikono kwenye gauni langu, bei itashuka kiasi gani?" Gauni lake yeye, mwenye msiba! Za wale wengine hakuthubutu kuzigusa.

Habari ya binti Yairo, yule msichana aliyekufa Yesu akamfufua, haijaniondoka kichwani tangu siku hiyo. Mathayo 9:23 yasema Yesu alipofika nyumba ya msiba aliwakuta wapiga filimbi na makutano ya watu. Wale wapiga filimbi hawakuwa wapita njia. Ndiyo ilikuwa desturi. Katika Mishna, kitabu cha mafundisho ya walimu wa Kiyahudi, kuna mwalimu asemaye hata maskini kabisa wa Israeli, akifiwa na mke, asipunguze filimbi mbili na mwanamke mmoja wa kulia. Maskini kabisa! Basi shinikizo hili halikuanzia Kisauni.

Yesu akawaambia ondokeni. Na Biblia haitufichi kilichofuata: "Wakamcheka sana." Marko 5:40 yaongeza kwamba aliwatoa wote nje, akamtwaa baba na mama wa yule kijana, akaingia nao ndani. Na binti alipoamka, neno la mwisho tunalolisoma pale ni kwamba aliamuru apewe chakula.

Msimamo wangu ndio huo. Kelele alizitoa nje, wenye msiba akabaki nao, na mwenye njaa hakumsahau. Neno linampa Mkristo ruhusa ya kukataa maonyesho, hata akichekwa. Halimpi ruhusa ya kuwakataa watu. Anayesema "sitachanga pesa za disko" aonekane jikoni kabla ya wote, amebeba sufuria yake ya maharagwe. Asipoonekana, huo ni uchoyo aliouvisha mstari.

Nataka kusikia kutoka kwenu mliosimama. Mlifanyaje, na iliwagharimu nini?

Dereva wa Kaloleni

Dada fundi, nakuheshimu, lakini hapa nitakupinga. Mimi ni Mkristo, nimebatizwa, na ni Mgiriama. Hanga, yaani matanga yetu, kwetu si starehe. Watu wanatoka Ganze, Malindi, Magarini, wanalala mikekani siku kadhaa. Hapo ndipo ndugu waliogombana wanapatanishwa. Hapo ndipo wazee wanawaonyesha vijana mipaka ya shamba. Mtoto aliyezaliwa Mombasa anajua hapo kwamba huyu ni baba mkubwa na yule ni shangazi, asije akamwoa binti yake kesho.

Na mistari hata mimi ninayo. Mwanzo 50: Wamisri walimlilia Yakobo siku 70, kisha Yusufu akamfanyia babake matanga mengine ya siku saba pale Atadi, na msafara mkubwa na magari na wapanda farasi. Yusufu naye alikuwa mtu wa maonyesho?

Jambo la pili ndilo zito. Kwetu asiyeenda hanga za wenzake, au aliyemzika babake kama anayefukia mgomba, huambiwa, "Haya, utajizika." Nyinyi wa mjini mwalisoma hilo kama tusi. Mimi nimeliona kwa macho: maiti iko uani, jua linapanda, na vijana wa kijiji wamekaa chini ya mwembe wamekunja mikono, jembe limeegemea ukuta. Hapo utawasomea Warumi 12:2, "msiifuatishe namna ya dunia hii", wachimbe?

Jirani wa Majengo

Hamjambo majirani. Mimi ni Mwislamu, nimeingia kwa adabu.

Kwetu mambo haya pia yapo, msione yenu tu. Maiti twaizika upesi, siku hiyohiyo au kesho yake. Lakini baada ya hapo watu hujaa nyumbani kwa mfiwa wakangoja kulishwa, na mfiwa hukopa. Wakati Mtume, rehema na amani zimfikie, alipopata habari ya kifo cha Jaafar bin Abi Talib vitani Muuta, aliamuru jamaa ya Jaafar ipikiwe chakula, kwa kuwa limewafika la kuwashughulisha. Amri ni majirani wampikie mfiwa, na sisi tumeigeuza kichwa chini miguu juu.

Alipofiwa jirani yangu Mkristo hapa mtaani, mke wangu alipika wali wa nazi na mbaazi akapeleka kabla mtu hajauliza. Nimeona tu niwaambie kwamba mkiamua kupunguza, hakuna jirani Mwislamu mwenye kuijua dini yake atakayewasema.

Fundi wa Mikindani

Jirani, Mungu akubariki, na umpe salamu mama wa nyumbani. Katika Yeremia 16:7 tunaona desturi hiyohiyo kwa Waisraeli, kwamba watu waliwamegea mkate waliofiwa ili kuwafariji. Mkate ulikuwa unaingia nyumba ya msiba.

Kaka Dereva, Mwanzo 50 nimeisoma tena jana usiku kwa ajili yako. Kweli, siku saba, na msafara mkubwa. Mimi sina ugomvi na siku saba. Ila mlipaji ni nani pale? Ni Yusufu, mtu wa pili kwa Farao, na aliyotoa anayo. Hatusomi mtu aliyekopa. Na walifanya nini kule Atadi? Walilia, tena kilio kizito mpaka Wakanaani wenyeji wakakishangaa. Wewe unaijua hanga ya siku hizi. Usiku wa pili dijei keshafunga spika, na wasichana wa darasa la saba wako gizani na watu wasiowajua. Wakuu wa serikali Kilifi wamepiga disko matanga marufuku zaidi ya mara moja kwa sababu ya mimba za watoto. Babu yako hakuzikwa hivyo. Kwa hiyo unapoitetea hanga, tenga alichokuachia babu na kile kilichokuja juzi na jenereta. Cha babu, mengi yake naweza kukaa nayo mkekani bila dhamiri kunisuta.

La kujizika nalichukua kwa uzito wote. Mithali 29:25 yasema, "Kuwaogopa wanadamu huleta mtego," na mtego wenyewe ndio huo uliouchora, mwembe, jembe na jua. Nakubali kwamba mstari peke yake hauchimbi kaburi. Kama kanisa litamwambia mtu akatae, kanisa hilo lije na majembe alfajiri. Na huyo anayekataa asiwe ameacha kwenda kuwachimbia wengine.

Katibu wa Jumuiya, Likoni

Tumsifu Yesu Kristo.

Sisi ni jumuiya ndogo ya Kikatoliki huku ng'ambo, na hili tumelipigania. Nieleze tunavyofanya, labda litafaa mtu.

Taarifa ya kifo ikifika, usiku huohuo watu watatu wanapewa kazi. Wa kwanza ni mama mtu mzima, anakaa na mfiwa, halali mbali naye. Kazi yake ni kupokea wanaokuja na "ushauri", maana mfiwa usiku ule akiombwa chochote atasema ndiyo. Wa pili anashughulikia mochari na kibali cha mazishi. Wa tatu anashika daftari. Michango haiendi kwenye simu ya mfiwa, inaenda kwa mweka hazina, kwa sababu mjane hawezi kumnyima shemeji pesa akimsimamia mlangoni, lakini mweka hazina anaweza.

Kila jioni baada ya rozari daftari linasomwa kwa sauti mbele ya watu wote: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Na kanuni ni moja, hakinunuliwi kitu kwa pesa ambayo haijaingia. Chakula kinatoka majumbani kwa zamu. Leo nyumba hizi zinaleta sima na mchicha wa nazi, kesho zile wali na maharagwe, asubuhi chai ya rangi na mahamri. Nyimbo tunaimba kwa koo zetu, na saa tatu usiku tunafunga. Wanaobaki kulala wanajulikana kwa majina, na watoto wa watu wanarudishwa kwao.

Shinikizo lipo, tena sana. Tulichojifunza ni kwamba mjane asiachwe aseme "hapana" yeye mwenyewe. Usiku wa kwanza, wazee wa ukoo wakiwa wamekaa, tunasoma Marko 5:35 hadi 43, halafu mwenyekiti anasema, "Jamaa na jumuiya tumepanga hivi." Mhubiri 4:12 yasema kamba ya nyuzi tatu haikatiki upesi. Akitokea mjomba akasema lazima ng'ombe, tunamjibu kwa heshima: mlete huyo ng'ombe, mjomba, sisi tutamchinja na kumpika. Kuna mjomba aliyemleta kweli. Tulimpika, watu wakala, na tukamshukuru mjomba kwa jina mbele ya kaburi. Hatukumwonea aibu na ng'ombe wake. Tunachokataa ni ng'ombe wa mkopo.

Dereva wa Kaloleni

Katibu, mpango wako ni mzuri kwa Likoni, watu wamechanganyika, kila mtu na kabila lake. Ukoo ukiwa mmoja ni jambo jingine.

Na niseme lililo moyoni. Hii tabia ya kunyamaza msibani, daftari, saa tatu kila mtu kwao, mimi naiona ya Kizungu. Wamisionari walituambia kila chetu ni giza. Leo mnalirudia kwa lugha nzuri zaidi.

Mzaliwa wa Rabai

Ndugu yangu wa Kaloleni, sisi ni majirani, na hilo naomba nilijibu mimi.

Wamisionari walikuja, ndiyo. Krapf alifika Mombasa 1844, na mwaka uleule akamzika mkewe na mtoto wao mchanga. Rebmann akamfuata 1846, wakafungua kituo huku kwetu Rabai. Na kweli mengi yetu waliyadharau bila kuyaelewa. Lakini ukitaka kuona Mkristo aliyekataa kufuata wengi hapa pwani, usimtafute kwa wazungu. Mtafute William Jones. Alikuwa Mwafrika, alitekwa utumwani, akakombolewa, akalelewa India, akarudi kulitumikia kanisa Rabai. Katika miaka ya 1880 watumwa watoro walikuwa wakikimbilia Rabai. Wenye watumwa walikuwa na hasira na vitisho vyao vilikuwa vya kweli. Wakubwa wa misheni wenyewe hawakutaka watoro wapokewe, kwa kuogopa vurugu. Yaani mji ulimkataza, na kanisa lililompa kazi likamkataza. Watoro wakaendelea kupokewa hata hivyo, wakajenga, wakalima.

Mambo yalipofichuka mwaka 1888, George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza iliyokuwa inaingia pwani wakati ule alilazimika kuafikiana na wenye watumwa kwa kuwalipa fidia. Mwanzoni mwa 1889 watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa kwenye vituo vya misheni wakapewa hati za uhuru, na wengi wao walikuwa hapa Rabai.

Kumbukumbu la Torati 23:15 yakataza kumrudisha kwa bwana wake mtumwa aliyekukimbilia. Andiko hilo wazungu walikuwa nalo kwenye Biblia zao siku zote, na waliolitekeleza kwa mikono yao ni watu weusi wa Rabai. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kusimama na Neno dhidi ya umati ni mambo ya kuletewa, mimi namwonyesha Rabai. Hata hanga si lazima ifutwe. Jones hakuwatoa watu nje, aliwaingiza ndani.

Mama wa Mshomoroni

Wanangu, nimesoma yote na miwani yangu hii. Nami niseme, maana mimi ndiye yule mjane mnayemzungumzia, ingawa si yule wa fundi.

Ng'ombe hakuniumiza. Kilichoniumiza ni neno, "Hukumpenda." Mjane akiambiwa hivyo mbele za watu, atauza hata kitanda.

Mume wangu aliugua figo. Mara mbili kwa wiki tulikuwa twenda kusafishwa damu, twatoka alfajiri, twarudi jua likizama. Alikatazwa kunywa maji mengi, kwa hiyo nilikuwa nampimia kwenye chupa ndogo ya dawa ya kikohozi. Siku za joto la Februari alikuwa akinililia kama mtoto, "Mama nanihii, tone moja tu," nami nakataa, kisha naenda kulia jikoni. Sasa mtu ambaye hakuwahi kuiona hiyo chupa, amekaa kwenye kiti cha marehemu, ananiambia nisipochinja na kuleta muziki itaonekana sikumpenda mume wangu.

Nilimjibu hivi: "Shemeji, Hajiri alipokimbia akiwa peke yake nyikani alimwita Mungu, Wewe u Mungu uonaye mimi. Huyo Mungu aliniona nikipima maji. Wewe hukuniona, kwa hiyo hili huwezi kulihukumu." Sikupaza sauti. Kisha nikainuka nikamletea chai, maana ni shemeji yangu.

Tulizika kwa wali na maharagwe. Watoto waliendelea na shule muhula uliofuata.

Lakini sitawadanganya. Shemeji hakunisemesha tena, mpaka naye akafa. Harusi za upande ule hatukualikwa. Siku alipofariki yeye nilibeba sufuria yangu nikaenda, nikakaa na mkewe. Wengine walinipisha njia kama mgonjwa wa kuambukiza. Nilikaa tu. Wale vijana watatu wa kitabu cha Danieli walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, "Bali kama si hivyo," wao hawataisujudu ile sanamu. Hayo maneno manne, bali kama si hivyo, ndiyo niliyoishi nayo. Anayesimama na Neno akidhani ukoo utarudi kumwomba msamaha, atachoka mapema.

Kijana wa Bandarini

Shikamoo mama. Pole kwa yote.

Nyote mnasema ukoo, ukoo. Mbona hamlisemi kanisa?

Mamangu alipofariki, ukoo wetu haukudai kitu, ni watu wachache na wanyonge. Waliodai ni kanisa. Kwanza walitaka kadi yake, waone kama michango imelipwa, ndipo waseme kama atapata ibada kamili. Mama aliyekuwa akifagia jengo lile kila Jumamosi! Halafu basi la kwaya. Halafu chakula cha wahudumu, meza yao mbali, kuku badala ya maharagwe, soda za chupa. Halafu bahasha. Nilikuwa kibarua bandarini, wiki nyingine kazi ipo, nyingine haipo. Nilikopa kwa mtu wa riba mtaani ili mama asizikwe kama asiye na kanisa.

Kwa hiyo mtu akinisomea "msiifuatishe namna ya dunia hii", mimi huuliza kwanza dunia hiyo inaanzia wapi. Kwangu ilikuwa imevaa kola.

Fundi wa Mikindani

Kaka, nimeandika nikafuta, nimeandika nikafuta. Uliyotendewa ni dhambi, na nataka liandikwe hapa bila kupakwa sukari.

Marko 12:40 Yesu alisema habari ya viongozi wa dini "ambao hula nyumba za wajane, na kwa unafiki husali sala ndefu." Hakuwa akisema juu ya wapagani. Alikuwa akisema juu ya watu wa mbele kabisa hekaluni. Na soma kinachofuata palepale: mjane maskini anatumbukiza senti zake mbili. Tunahubiriwa sana zile senti siku za sadaka. Ule mstari ulio juu yake tunauruka.

Tena ugomvi wa kwanza mkubwa ndani ya kanisa, Matendo 6, ulikuwa juu ya chakula cha wajane. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakusema leteni kadi tuone. Walichaguliwa watu saba wenye sifa njema, wakasimamia meza. Kanisa linaloshindwa kusimamia meza ya mfiwa limeshindwa kazi ambayo mitume waliiona kubwa kiasi cha kuiwekea mikono.

Kwa hiyo mimi naongeza kwenye niliyoyasema mwanzo. Kutoa kelele nje ni pamoja na kelele ya madhabahuni. Muumini ana haki ya kumwambia mchungaji wake, kwa heshima ya mtoto kwa mzazi, "Baba, hili la meza ya kuku halitakuwepo." Na kama mchungaji ni mtu wa Mungu atakula maharagwe na sisi. Wangu alikula, nilimwona.

Upande wangu pia kuna andiko linalonihusu mimi fundi moja kwa moja, Kumbukumbu 24:17, linalokataza kutwaa nguo ya mjane kuwa rehani. Sare za matanga kwa mkopo wa mjane sizishoni tena. Ukoo ukitaka sare, kila mtu aje na kitambaa chake na pesa yake mkononi. Gauni la mjane mwenyewe nalishona bure, na mikono yake yote miwili. Wateja wengine wameenda kwa mafundi wengine, nawatakia heri.

Karani wa Mahakamani

Nadakia kidogo, maana naona wajane wengi humu.

Shinikizo la matanga mara nyingi huja pamoja na mikono kabatini. Watu wanakula pilau huku wengine wanabeba televisheni, hati ya shamba na kadi ya pikipiki "kwa usalama". Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, kifungu cha 45, inafanya kuwa kosa la jinai mtu kujiingiza kwenye mali ya marehemu bila idhini ya kisheria. Haijalishi ni kaka wa marehemu au ni mzee wa ukoo. Na kwa asiye Mwislamu aliyeacha mke mmoja na watoto bila wasia, vyombo vya nyumbani ni vya mjane moja kwa moja. Chukua barua ya chifu mapema, uende nayo kortini kufungua faili ya mirathi. Yakobo 1:27 inataja kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao, na mimi naiona kazi hii ya foleni za masjala kuwa ndani yake. Kanisa likimtuma hata mtu mmoja anayejua kusoma fomu amsindikize mjane, limefanya jambo.

Dereva wa Kaloleni

Mama wa Mshomoroni, shikamoo. Ile chupa ya dawa imenifanya nizime gari pembeni.

Mzaliwa wa Rabai, habari ya Jones sikuijua hivyo. La uzungu naliondoa. La hanga siliondoi.

Sasa nieleze shida yangu. Baba mdogo amefariki juzi, maiti iko mochari. Mimi ndiye mwenye mshahara, kwa hiyo macho yote kwangu. Wamenipa orodha: ng'ombe wawili, hema, dijei wa Mtwapa, fulana. Siku saba nitazikaa, na ng'ombe mmoja ninaye, ni wangu, si wa mkopo. Mnazi wazee watakunywa, siwezi kuwazuia wazee na sitajaribu. Lakini dijei sitaki. Nina mabinti wawili wa sekondari. Nikisema peke yangu nitaambiwa pesa za Mombasa zimenipa kiburi. Fundi, wewe ungeanzia wapi?

Fundi wa Mikindani

Pole sana kaka, Bwana awatie nguvu. Kuhusu mnazi tutabaki hatujakubaliana, tutaongea siku nyingine.

Mimi ningeanza na mashangazi, kabla ya wazee. Wao ndio wenye mabinti na wajukuu, na shangazi akisema hapana kuhusu usiku, hakuna mzee atakayembishia mbele ya maiti ya ndugu yake. Waambie ng'ombe unatoa, siku saba unakaa, kaburi unachimba kwa mikono yako. Taja unayotoa kwanza, yote. Halafu ndipo useme la dijei. Na fulana nitumie idadi ya watoto yatima tu, hao nitawashonea.

Katibu wa Jumuiya, Likoni

Pole ndugu. Alivyosema fundi ndivyo. Usiongee na wazee ukiwa umesimama, na usiongee kwa simu. Nenda ana kwa ana, na uwe na mzee wa kanisa la hapo kwenu anayeheshimiwa na ukoo. Marko 5 asome yeye, usisome wewe.

Sisi tunaweza kuja Jumamosi, wanaume sita na majembe, akina mama wanne na masufuria. Daftari letu la mfano nitalipiga picha nikutumie leo jioni. Niambie tu njia, kutoka Mazeras tunaingilia wapi, na gari dogo linafika au tuteremke tutembee?

Dereva wa Kaloleni

Linafika, mvua isiponyesha. Mkifika Kaloleni mjini nipigieni, nitakuja kuwachukua mwenyewe. Mashangazi naenda kuwaona sasa hivi.